Mazoezi ya kujiokoa risasi zinapolia: yanafaa, lakini yafanywe kwa akili

Mama mmoja wa miaka 38, karani wa hesabu katika kampuni moja hapa Nairobi, alifika kliniki yangu akilalamika kwamba moyo humwenda mbio na usingizi umempotea. Kabla ya kuja kwangu alikuwa amepimwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja, na hakupatikana na lolote. Nilimpima presha, nikasikiliza moyo, nikaagiza damu ipimwe. Yote yalikuwa sawa.

"Mama, mambo haya yalianza lini?" nikamwuliza.

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza. Wiki tatu nyuma, asubuhi watu wakiwa kazini, wanaume wawili waliojifunika nyuso waliingia afisini mwao, orofa ya nne, wakipiga mayowe. Kitu kikalia kama bunduki. Wafanyakazi wakakanyagana mlangoni na mmoja akateguka kifundo cha mguu. Yeye aliingia chini ya meza akaganda hapo, asiweze hata kulia. Baada ya dakika kama kumi, meneja akatokea akitabasamu na kutangaza kwamba lile lilikuwa zoezi tu la usalama, na kwamba lau lingekuwa jambo la kweli wengi wao wangekuwa maiti.

"Daktari, tangu siku hiyo mlango ukibamizwa mimi natetemeka," akasema. "Na ukiniuliza nilifunzwa nini siku hiyo, sijui."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Je, mafunzo ya kujiokoa kutoka kwa mtu anayefyatulia watu risasi yana faida yoyote? Jibu langu ni ndiyo, tena faida kubwa. Lakini kumfunza mtu ni jambo moja, na kumtisha ni jingine kabisa. Meneja yule aliwatisha watu wake, akadhani amewafunza.

NI JAMBO LINALOTUHUSU

Kwa bahati nzuri, mashambulizi ya aina hii si ya kila siku. Mkazi wa mjini yumo katika hatari kubwa zaidi anapovuka barabara au anapopanda pikipiki bila kofia ya chuma. Msomaji asiache kwenda sokoni au kumpeleka mtoto shuleni kwa sababu ya makala haya.

Hata hivyo, hakuna Mkenya anayeweza kusema kwamba ni mambo ya mbali. Mnamo Septemba 21, 2013, watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate. Mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mnamo Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa kwenye hoteli na afisi za DusitD2, barabara ya Riverside. Wote hao walikuwa mahali pa kawaida: dukani, bwenini, mezani kwa chakula cha mchana.

Kuna pia wale waliokufa au kuumia bila risasi hata moja kuwagusa. Siku kumi tu baada ya msiba wa Garissa, waya wa umeme ulilipuka alfajiri karibu na mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka orofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, chuo kikuu kimoja jijini kilifanya zoezi la usalama ambapo milio ya bunduki ilisikika na watu wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Watu waliruka kutoka madirishani. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa.

Mikasa hiyo miwili inatuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Watu wasiofunzwa huuawa na hofu yao wenyewe. Na watu wanaofunzwa vibaya huuawa na mafunzo.

MWILI UNAPOSHTUKA

Mtu anapokabiliwa na kifo, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni inayoitwa adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, damu hukimbilia misuli mikubwa, mikono hutetemeka, na macho huona kilicho mbele tu kana kwamba mtu anachungulia kwenye bomba. Wengine husikia sauti kwa mbali. Vidole hushindwa hata kubonyeza nambari za simu.

Baadhi ya watu hukimbia, baadhi hupigana, na wengi huganda. Kuganda si uoga wala ujinga. Ubongo unatafuta katika kumbukumbu zake jambo kama hili ili ujue la kufanya, na usipopata lolote, mwili husimama. Hapa ndipo faida ya mafunzo ilipo. Mtu aliyekwisha kutembea kwenye ngazi ya nyuma, akaona mlango unakofungukia, huwa ameuwekea ubongo wake jibu. Siku ya mkasa atatetemeka kama wengine, lakini miguu itajua njia.

Jambo jingine ni kukataa kuamini. Walionusurika katika mikasa mingi husimulia kwamba kwanza walidhani ni fataki, au gurudumu limepasuka, au mafundi wanagonga mabati. Dakika za thamani hupotea hapo. Ukisikia mlio unaofanana na risasi, uchukulie kuwa risasi mpaka ujue vingine. Ni afadhali uchekwe.

Na usikimbilie dirishani kutazama! Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani hapa Nairobi uliposhambuliwa, kishindo kidogo na milio vilitangulia mlipuko mkubwa. Watu wengi katika majumba ya karibu walikwenda madirishani kuona kuna nini. Bomu lilipolipuka, vioo viliwapasukia usoni. Watu 213 walifariki hapa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wakapoteza macho. Kizazi kilichokua baada ya mwaka huo hakina budi kufunzwa somo hilo: mlio ukisikika, ondoka penye vioo.

TOROKA, JIFICHE, PIGANA

Nchi iliyoeneza mafunzo haya kwa wingi ni Marekani, ambako mashambulizi ya bunduki shuleni na kazini yametokea mara nyingi. Mwaka 2012 jiji la Houston lilitoa filamu fupi yenye maagizo matatu: toroka, jificheni, na ikibidi pigana. Waingereza baadaye walitoa yao: toroka, jifiche, toa habari. Utaratibu ndio muhimu. La kwanza likiwezekana, usiende la pili.

Toroka. Kama kuna njia salama ya kutoka, itumie. Acha mkoba, acha kompyuta, acha viatu vya visigino virefu. Waite wenzako, lakini usikawie kwa kumbembeleza anayekataa kuondoka. Usitumie lifti. Ukifika nje endelea kwenda mbali, ujikinge nyuma ya ukuta wa mawe au injini ya gari. Usijiunge na kundi la watu waliosimama langoni kutazama.

Mnamo 1999 wanafunzi 12 na mwalimu 1 waliuawa katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Kumi kati ya hao waliuawa ndani ya maktaba, ambako wanafunzi walikuwa wamejificha chini ya meza. Maktaba hiyo ilikuwa na mlango wa kutokea nje, na ni kwa mlango huo walionusurika walitoka baadaye. Meza humficha mtu asionekane na asiyemtafuta. Haizuii risasi.

Jifiche. Kama huwezi kutoka, ingia chumba kinachofungika. Funga kwa ufunguo, kisha sukuma kabati, meza na viti mlangoni. Zima taa, zima mlio wa simu pamoja na ule mtetemo wake, na ulale chini kando ya ukuta, mbali na mlango na dirisha. Katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech, ambako watu 32 waliuawa mwaka 2007, wanafunzi wa darasa moja waliegemeza meza kubwa mlangoni, wakaishikilia kwa miili yao wakiwa wamelala chini. Mshambulizi alipiga risasi mlangoni, akashindwa kuingia, akaenda zake. Hakuna aliyepigwa risasi katika chumba hicho. Katika chumba cha jirani, profesa Liviu Librescu, mzee wa miaka 76, alizuia mlango huku wanafunzi wake wakirukia dirishani. Wengi wao waliokoka. Yeye aliuawa.

Pigana. Hili ni la mwisho kabisa, pale ambapo mshambulizi amekufikia na huna pa kwenda. Hapo hakuna nusunusu: mrushieni chochote kizito, mrushieni hata kizima-moto, mvamieni mkiwa wengi. Shirika la FBI lilichunguza mashambulizi 160 yaliyotokea Marekani kati ya 2000 na 2013, likaona kwamba katika 21 kati ya hayo mshambulizi alikomeshwa na raia wasio na silaha. Lakini asiwepo wa kumtafuta mwenye bunduki ili aonekane shujaa.

YA MAREKANI SI YA HAPA YOTE

Baadhi ya kampuni hununua mafunzo ya kigeni na kuyasoma jinsi yalivyo. Hilo ni kosa. Katika uchunguzi huo wa FBI, kulikuwa na mashambulizi 63 ambayo muda wake ulijulikana. Kati ya hayo, 44 yalikwisha kwa dakika 5 au chini ya hapo. Aghalabu mshambulizi alikuwa mtu mmoja. Hapa kwetu mambo yamekuwa tofauti. Westgate ilichukua siku 4. Garissa ilichukua karibu siku nzima. DusitD2 ilichukua usiku kucha mpaka asubuhi ya pili. Washambulizi walikuwa kundi, wakiwa na gruneti pamoja na bunduki.

Kwa hiyo Mkenya anayejificha ajitayarishe kukaa muda mrefu. Chumba kilichochaguliwa kuwa cha kujifichia kiwe na maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na, ikiwezekana, ndoo yenye kifuniko. Simu itunzwe chaji: tuma ujumbe mfupi wa maandishi, useme uko wapi na mko wangapi, kisha uiache. Jamaa wa nyumbani nao waelewe kwamba kumpigia aliyejificha kunaweza kumfichua. Wenye dawa za kila siku, kama vile za kisukari, pumu au presha, wawe na za siku moja mkobani daima.

Tena, usifungue mlango kwa sababu tu sauti inakuambia utoke. Walionusurika Garissa walisimulia jinsi wavamizi walivyowaamuru waliojificha watoke nje, na waliotoka wakauawa. Maafisa wa usalama wakifika, subiri uwe na hakika. Ukitoka, toka mikono mitupu ikiwa juu, bila simu mkononi, na usiwakimbilie kuwakumbatia. Wakati huo hawajui wewe ni nani.

DAMU HAINGOJI AMBULENSI

Sasa nije kwenye uwanja wangu. Katika mafunzo mengi ambayo wagonjwa wangu wamenisimulia, sehemu hii huachwa kabisa, nayo ndiyo yenye faida hata kama maishani mwako hutasikia mlio wa bunduki.

Mtu mzima ana damu ya kama lita 5. Akipoteza lita 2 yumo ukingoni mwa kaburi. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu tu mwilini mwote. Mshipa mkubwa wa pajani ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika 5. Ambulensi haiwezi kufika kwa dakika 5 katika msongamano wa magari tuujuao, na penye risasi haitaruhusiwa kukaribia mpaka polisi wasafishe njia. Anayeweza kumwokoa majeruhi ni yule aliyelala kando yake.

Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012, madaktari wapasuaji wa huko walishikilia kwamba raia wa kawaida wafunzwe kuzuia damu. Mwaka 2015 kampeni ya taifa ikaanzishwa. Mambo yenyewe ni mepesi:

1. Hakikisha kwanza wewe mwenyewe uko salama. Vaa glavu kama zipo.

2. Tafuta damu inatoka wapi. Fungua au kata nguo uone. Damu inayoruka, inayofanya dimbwi sakafuni, au inayolowesha nguo bila kukoma ndiyo ya hatari.

3. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu zako zote kwa mikono miwili. Usiinue kila mara kuchungulia. Kama jeraha ni refu, na liko kwenye kinena, kwapa au begani, shindilia kitambaa ndani ya jeraha mpaka lijae, kisha ukandamize. Ndiyo, ataumia na atalia. Endelea.

4. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, tumia ukanda maalum wa kuzuia damu unaoitwa torniketi. Ufunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, lakini si juu ya kiwiko wala goti. Kaza mpaka damu ikome kabisa. Andika saa uliyofunga. Usiulegeze; hiyo ni kazi ya hospitali. Kama ukanda huo haupo, tumia kitambaa chenye upana wa kama sentimita 4 na kijiti cha kukazia. Kamwe usitumie kamba nyembamba au waya, kwa kuwa hukata nyama bila kuzuia damu.

5. Jeraha la kifuani au tumboni halishindiliwi kitambaa ndani. Wa kifua mwache akae mkao unaomrahisishia kupumua. Wa tumbo mfunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, na matumbo yaliyotoka nje usiyarudishe. Asipewe chakula wala kinywaji.

6. Kipande cha kioo au chuma kilichokwama mwilini au jichoni usikichomoe.

7. Aliyezimia lakini anapumua mlaze kwa ubavu. Mfunike apate joto, maana aliyepoteza damu hupoa, na akipoa damu yake hukataa kuganda.

Msomaji ataona kwamba mambo haya saba yatamwokoa pia aliyegongwa na matatu, fundi aliyekatwa na msumeno, au mtoto aliyeanguka juu ya chupa. Shirika la Msalaba Mwekundu na lile la St John hufunza huduma ya kwanza humu nchini. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112, na ambulensi ya Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Ziandikwe ukutani, kwani mtu aliyeshtuka husahau hata nambari ya mumewe.

ZOEZI LIFANYWE VIPI

Wakubwa wa kazi huniuliza swali hili, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, litangazwe. Kila mtu ajue siku, saa na litakavyokuwa, wakiwamo wafagiaji, walinzi, wageni na majirani wa jengo. Hakuna ithibati kwamba zoezi la kuvizia hufunza watu vizuri zaidi, na tumeona kwamba linaweza kuua.

Pili, pasiwe na bunduki za bandia, fataki, barakoa wala damu ya rangi. Zima-moto hawachomi jengo ili kutufunza kutoka. Tembezeni watu tu. Waonyeshwe kila mlango, kila ngazi, na chumba cha kujifichia. Kila mmoja ajaribu kufunga mlango huo kwa mikono yake.

Tatu, mtu aruhusiwe kukaa nje ya zoezi bila kuulizwa maswali mbele ya wengine. Hapa mjini tunafanya kazi pamoja na watu walionusurika katika mikasa niliyoitaja, waliofiwa, au waliokimbia vita nchi za jirani. Mjamzito na mgonjwa wa moyo pia wafikiriwe. Watu wenye ulemavu wawekewe mpango wao, na mwenzao atakayewasaidia atajwe kwa jina mapema.

Nne, ishara ya risasi isiwe kengele ya moto. Kengele ya moto huwaita watu watoke, na huenda wakatoka wakamkuta muuaji ukumbini. Katika shule ya Parkland, Florida, mwaka 2018, kengele ya moto ililia wakati wa shambulizi na wanafunzi wakatoka madarasani. Watu 17 waliuawa siku hiyo. Tangazo liwe la maneno wazi: "Kuna mtu mwenye bunduki lango kuu. Tumieni ngazi ya nyuma au jifungieni."

Tano, milango ikaguliwe. Katika majengo mengi ya mjini mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi, au umezibwa kwa maboksi. Tusisahau shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mlango uliofungwa hauulizi kama ni moto au ni risasi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke vifaa vya huduma ya kwanza. Fungueni sanduku lenu mtazame. Mara nyingi nimekuta plasta tatu, dawa ya kidonda iliyokauka na mende. Nunueni torniketi mbili, bendeji pana, glavu na makasi.

WATOTO SHULENI

Mtoto mdogo hatenganishi mchezo na ukweli kama mtu mzima. Ukimwambia "jifanye muuaji anakuja," ataamini anakuja. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilitoa msimamo wake dhidi ya mazoezi ya kuiga shambulizi la kweli mbele ya watoto, na ya kuwadanganya kwamba hatari ni ya kweli. Nakubaliana nao.

Mtoto wa chekechea afunzwe jambo moja: mwalimu akisema "kimya, nifuateni," tunanyamaza na kumfuata. Wa darasa la nne na kuendelea anaweza kuonyeshwa njia mbili za kutoka na kuelezwa ni kwa nini hatusukumani kwenye ngazi. Hilo la ngazi si dogo. Mnamo Februari 3, 2020, wanafunzi 14 wa shule moja ya msingi mjini Kakamega walikufa walipokanyagana wakishuka ngazi jioni. Hakukuwa na bunduki.

Wa sekondari na vyuo wanaweza kufunzwa yote niliyoyaeleza, hasa kuzuia damu. Vijana hupenda kujua kwamba mikono yao inaweza kuokoa maisha, na hofu hupungua mtu anapokuwa na kazi ya kufanya. Mzazi naye aarifiwe kwa barua kabla ya zoezi, na jioni amwulize mtoto kwa upole, "Mlifanya nini leo? Ulijisikiaje?"

Walimu wakuu wasome tena mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma.

BAADA YA KISHINDO

Baada ya mkasa, au hata baada ya zoezi baya, ni kawaida mtu kukosa usingizi, kuota ndoto mbaya, kushtuka kwa kila sauti na kuepuka mahali palipotokea jambo. Kwa wengi dalili hizi hupungua zenyewe kwa siku au wiki chache. Mtu apumzike, ale, atembee, aongee na anayemwamini akitaka mwenyewe. Asilazimishwe kusimulia. Pombe na vidonge vya usingizi vya kununua dukani huzidisha tatizo.

Zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi, au akianza kufikiria kujiua, huo ni ugonjwa wa kiwewe na una matibabu. Mwone daktari au mshauri nasaha upesi. Kuumwa rohoni si wazimu, wala si ukosefu wa imani.

Yule mama hakuhitaji dawa. Tulizungumza mara nne, nikamfunza kupumua polepole kwa tumbo, na nikamshauri arudi afisini kidogo kidogo bila kukwepa chumba kile. Pia niliandika barua kwa mwajiri wake, kwa idhini yake, nikaeleza mengi ya haya mnayoyasoma.

Miezi miwili baadaye alinieleza kwamba kampuni ilirudia zoezi, mara hii kwa kutangaza na kwa kutembea tu. Nyuma ya stoo ya vikombe vya chai kulikuwa na mlango unaoingia kwenye ngazi ya pili. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka sita na hakuwahi kujua. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo hakuna aliyejua uliko. Wafanyakazi walikataa kuendelea na zoezi mpaka fundi alipoletwa akakata kufuli hiyo.

"Siku hizi nalala, daktari," akaniambia.

Nami namwuliza msomaji: hapo unapofanya kazi, mlango wa pili uko wapi? Kesho ukifika, kabla ya kuweka mkoba chini, nenda ukausukume uone kama unafunguka.